Bunduki ya moshi (siyo Moshi ya Kilimanjaro!)

Jumapili, usiku

Najua nimepotea. Asaimenti mbili, jaribio moja, na bumu lenyewe ndiyo hivyo tena, limeingia likapita kama mgeni wa arusi. Lakini leo lazima niandike, maana kuna kitu kinanisumbua tangu Alhamisi. Ni historia, ila wale wa uhandisi msikimbie, sehemu yenu ipo humu ndani.

Mambo yalianzia kwenye semina. Tulikuwa tunajadili kwa nini wakoloni walitushinda. Jamaa mmoja (anajijua, na anasoma hapa) akasimama akasema, "Hapa hakuna mjadala. Wao walikuwa na bunduki, sisi tulikuwa na mikuki. Basi." Watu wakacheka, mwezeshaji akaandika BUNDUKI ubaoni, tukahamia swali la pili. Mimi nikabaki palepale. Bunduki IPI? Na aliyekuwa ameishika ni nani? Maana jeshi la Wajerumani huku kwetu, wengi wao hawakuwa Wajerumani. Walikuwa askari weusi: mwanzoni Wasudani na watu wa kutoka Msumbiji, baadaye Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo.

Basi jana nikapanda gari la Posta, nikashuka, nikaenda kusimama pale kwenye Sanamu ya Askari. Wote tumepita pale mara mia. Mara ngapi tumeangalia ile bunduki? Yule ni askari wa upande wa Waingereza, sanamu ilizinduliwa mwaka 1927, na singe yake imeelekea bandarini. Nikajiuliza, huyu aliyekuwa upande wa pili, yule wa Mjerumani ambaye hana sanamu pale, yeye alishika nini? Nikarudi nikaanza kubukua. Nilichokuta ndicho hiki.

Alishika bunduki kuukuu kuliko yeye mwenyewe.

Inaitwa Mauser 71, kwa sababu ni ya mwaka 1871. Waliibuni ndugu wawili, Paul na Wilhelm Mauser, wa mji wa Oberndorf. Kwa wakati wake ilikuwa bunduki ya heshima, siyo mchezo. Mtutu wake una tundu la milimita 11, risasi yake ni donge la risasi tupu lenye uzito wa gramu 25 hivi, na inafungwa kwa komeo kama la mlango. Lakini haina magazini. Unaingiza risasi moja, unafunga komeo, unapiga. Ukitaka kupiga tena unafungua komeo, ganda linavutwa nyuma, halafu hapo sasa ndiyo kituko: haina kifaa cha kulirusha ganda nje. Inakubidi uilaze bunduki upande ganda lianguke lenyewe, ndipo uingize risasi nyingine. Hebu fikiria unafanya hivyo huku mtu anakukimbilia na mkuki!

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa baruti. Hapa wahandisi na watu wa kemia njooni. Baruti ya kizamani ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura (ile chumvi ya naitreti ya potasiamu), makaa na salfa, kwa kadiri ya 75, 15 na 10 katika mia. Ukiiwasha, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki vumbi laini, na vumbi hilo ndilo moshi. Piga risasi moja tu, mbele yako kuna wingu jeupe. Mnapiga mia kwa pamoja, hamwoni kitu mpaka upepo uwahurumie. Vumbi lingine linaganda ndani ya mtutu, kwa hiyo jioni askari anatafuta maji, anausafisha mtutu kwa mdeki na kitambaa, asipofanya hivyo kutu inauvamia.

Mwaka 1871 hilo halikuwa tatizo la mtu mmoja. Majeshi yote yalikuwa yanatoa moshi, kwa hiyo ngoma droo. Kisha mwaka 1884 Mfaransa mmoja, Paul Vieille, akagundua baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapata bunduki mpya ya Lebel inayoitumia. Ulaya nzima ikaingiwa na kiwewe. Wajerumani wakatoa bunduki yao ya mwaka 1888, halafu ile maarufu ya mwaka 1898, risasi tano kwenye magazini, milimita 7.92, moshi kiduchu kabisa. Ghafla malaki ya Mauser 71 zikawa hazina kazi.

Sasa zana ya jeshi iliyopitwa na wakati inakwenda wapi? Haitupwi. Inakwenda kwa watu wa mwisho kwenye foleni. Nyingine waliuziwa Wachina. Nyingine 1,500 zilinunuliwa na Wairishi waliotaka kujitawala, zikaingizwa kwa boti, 900 kati yake zikashushwa mchana kweupe bandari ya Howth tarehe 26 Julai 1914, na mwaka 1916 zikapigwa mitaani Dublin dhidi ya Waingereza. Na nyingine, zilizokatwa fupi kidogo, zilikuja huku kwetu mabegani mwa askari wa Mjerumani.

Na hapa ndipo nilipoanza kuelewa kosa la yule jamaa wa semina. Bunduki ni ileile moja, lakini ukiifuata kwa miaka, haina tabia moja.

Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, karibu na Iringa. Msafara wa Emil von Zelewski unapita, Wahehe wa Mkwawa wamejificha vichakani. Wanaibuka karibu kabisa. Ile bunduki ya risasi moja moja, kwa umbali ule, ni fimbo tu. Zelewski akauawa na sehemu kubwa ya jeshi lake, na Wahehe wakaondoka na mamia ya bunduki. Mikuki ilishinda, wajameni! Kwa hiyo ile "basi" ya Alhamisi inaanza kuyumba.

Halafu njoo 1905, vita ya Maji Maji. Bunduki ni zilezile, askari wa aina ileile. Upande wa pili kuna mikuki, mishale na gobore. Na gobore hazikuwa gobore kwa bahati mbaya. Julai 1890 mataifa ya Ulaya yalisaini mkataba Brussels, ule wa kupinga biashara ya utumwa, na ndani yake wakaweka vifungu vya silaha: bunduki za kisasa zisiuzwe ovyo katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini. Kilichoruhusiwa kuuzwa, tena kwa masharti, ni bunduki za kizamani za kuwasha kwa jiwe na baruti ya kawaida, yaani ya moshi. Sababu waliyotaja ilikuwa kuwazuia wafanyabiashara ya watumwa, na kweli bunduki zilikuwa sehemu ya biashara ile. Lakini matokeo yake mnayaona. Ukubwa wa wingu la moshi la Mwafrika ulijadiliwa mezani Ulaya.

Kwa hiyo Maji Maji, Mauser 71 iliyoshindwa Lugalo ikawa mfalme. Ikiwa na bombomu pembeni yake, kama pale Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, watu walianguka wengi. Na baadaye ikatumika kwa kazi mbaya zaidi: kulinda wachomaji wa mashamba na maghala mpaka njaa ikamaliza vita. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 mpaka 300,000. Na waliokuwa nyuma ya mitutu ile walikuwa weusi. Hili linauma, na sitalipita kimyakimya kwa sababu tu nataka kuwaonea huruma askari hao hapa chini.

Maana sasa tunafika 1914, na gurudumu linageuka.

Vita vinaanza Agosti. Jeshi la von Lettow-Vorbeck lina Wazungu 216 na askari wapatao 2,540, kombania 14. Na kombania nyingi bado zimeshika nini? Mauser 71. Miaka 43 baadaye! Askari wa miaka ishirini na tano ameshika bunduki iliyobuniwa kabla baba yake hajaoa. Upande wa pili kuna jeshi la Mwingereza lenye baruti isiyo na moshi.

Jiweke wewe hapo. Uko porini, nyasi ndefu, huoni adui. Risasi inapita sikioni, hujui imetoka wapi, hakuna moshi. Unajibu. Unapojibu, wingu jeupe linapanda juu ya nyasi palepale ulipolala, kama bendera. Sasa adui anajua ulipo kwa kipimo. Lettow-Vorbeck mwenyewe, kwenye kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1920, analilalamikia jambo hili: kwamba porini kasoro ya moshi ni kubwa mno, kwa sababu wewe unapigwa na usiyemwona halafu moshi wako unakusaliti. Kwa lugha ya mtaani, kila risasi uliyopiga ilikuwa ni kujichongea.

Kwa nini Berlin haikuwabadilishia zana mapema? Walianza kubadilisha, kombania chache zikapata bunduki mpya, vita ikawakuta katikati ya kazi. Zana za kisasa zilikuwa ghali, na koloni lilikuwa mwisho wa foleni. Ila mimi naongeza langu: jeshi la koloni lilipimwa kwa adui aliyetarajiwa, na adui aliyetarajiwa alikuwa mwanakijiji mwenye gobore. Kwa kumpiga huyo, ya 1871 iliwatosha. Hakuna aliyepanga kwamba askari huyu siku moja atapambana na mtu mwenye bunduki ya kisasa. Kwa hiyo bunduki ileile iliyotosha kumuua Mngoni 1906, ndiyo iliyomweka askari uchi 1914.

Kuna na hesabu ya wapagazi, ambayo niliifanya mwenyewe nyuma ya daftari. Risasi moja nzima ya Mauser 71, pamoja na ganda na baruti, ina uzito wa gramu 43 hivi. Ya bunduki ya 1898 ni kama gramu 24. Tuchukulie mpagazi amebeba kilo 25 kichwani. Za zamani anabeba kama 580. Za kisasa anabeba zaidi ya 1,000. Maana yake, kwa idadi ileile ya risasi, bunduki kuukuu ilihitaji karibu mara mbili ya vichwa vya kubebea. Na hao ndio waliokufa wengi kuliko wapiganaji. Jina la Kariakoo tunalolitaja kila siku kwenye daladala linatokana na jeshi la wapagazi la Waingereza. Hesabu ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake inakaribia 100,000, wengi kwa maradhi na njaa, siyo risasi. Raia nao walilipia, kwa sababu majeshi yote yalichukua chakula na watu. Ugogo wana jina la njaa ya miaka ile, Mtunya.

Sasa sikilizeni askari walivyojinasua na ule moshi. Hawakusaidiwa sana na Berlin. Waliuokota utajiri kwa adui.

Tanga, Novemba 1914. Waingereza walishusha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, dhidi ya watu kama 1,000. Mnaijua vita ile kwa sababu ya nyuki, leo nyuki tuwaache. Waingereza wakakimbilia melini wakaacha mamia ya bunduki za kisasa, bombomu, na risasi zipatazo laki sita. Kombania tatu zikavishwa upya kwa mali ya adui. Na kabla ya hapo, wakati wa kumrudisha adui nyuma, singe ilifanya kazi kubwa. Singe ya Mauser 71 ni ndefu kama upanga. Naona inaleta maana: ndicho kipande pekee cha bunduki ile ambacho hakikutoa moshi.

Aprili 1915, meli ya Rubens ikiwa imejifanya ya Wadenmark ilijipenyeza mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Waingereza wakaipiga, ikazama kwenye kina kifupi. Wapiga mbizi wakaingia, wakatoa bunduki kama 1,800 na mamilioni ya risasi zilizolowa maji ya chumvi. Unafanyaje na risasi iliyolowa? Walizifumua moja moja, baruti ikaanikwa juani kama dagaa, wakazifunga tena. Machi 1916 meli nyingine, Marie, ikafika Sudi kule Lindi. Na manowari ya Königsberg ilipomalizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 ilitolewa, ikawekewa magurudumu, ikakokotwa nchi nzima. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Ukienda kutembea, uushike, uniambie.

Mwisho ni Ngomano. Tarehe 25 Novemba 1917 walivuka Ruvuma wakiwa hoi, risasi zimewaishia, wakaivamia kambi ya Wareno wakakuta bunduki na risasi za kutosha kuanza vita upya. Hapo sehemu kubwa ya jeshi ikabadilisha silaha, ikawa inapigana kwa bunduki za Kireno.

Sasa ona hesabu ya kufunga. Tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili baadaye, jeshi lile lilisalimu amri Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, Zambia. Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100. Walichoweka chini ni mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37 ambazo 30 kati yake ni za Kiingereza, na bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno. Someni tena. Jeshi la Mjerumani, na kwenye orodha hakuna hata bunduki moja ya mkononi ya Kijerumani. Moshi ulikuwa umeisha, lakini waliumaliza wenyewe.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Ipo nyingine, ambayo naitoa kama inavyosimuliwa. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani waliobaki hai malimbikizo ya haki zao. Mfanyakazi wa benki akatumwa Mwanza. Walijitokeza wazee kama 350. Wachache walikuwa na cheti. Wengine wamevaa vipande vya sare, wengine hawana kitu. Utamjuaje askari wa kweli? Yule bwana akampa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani ashike silaha: begani, chini, heshima toa. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyefeli.

Nimekaa na picha hiyo tangu jana. Mzee wa miaka sabini na ushee, mikono inatetemeka, ufagio begani, anasubiri alipwe mshahara wa vita iliyokwisha miaka 46 nyuma. Bunduki alinyang'anywa Abercorn, vyeti vikaliwa na mchwa, mikono peke yake ndiyo iliyokumbuka. Na mikono ileile, kwa baadhi yao, huenda ilikuwepo kusini mwaka 1906. Sijui kama ningempa pole au ningemuuliza kuhusu Maji Maji. Labda vyote viwili, kwa mpangilio huo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa semina, sikatai. Walikuwa na bunduki. Lakini bunduki ni neno fupi mno kufunga nalo mjadala. Uliza ni ya mwaka gani, inatoa moshi au haitoi, nani aliamua wewe upate ipi, na nani alibeba risasi zake kichwani. Anayekupa silaha kuukuu amekwisha kukuambia anakuhesabu wapi kwenye foleni.

Alhamisi ijayo nitanyoosha mkono wa kwanza. Tusipigane, maana wote tutakuwa na kalamu tu.

Haya, saa saba kasoro, mwenzangu chumbani anataka taa izimwe. Mwenye babu aliyewahi kusimulia habari za vita ya Mjerumani, naomba aniandikie, hasa watu wa Tabora, Lindi na Ugogo. Wazee wakiondoka na mikono yao, tutabaki na sanamu.

Usiku mwema.